Mtungi wa gesi na chungu cha mbaazi: hesabu ya lishe isiyopigwa Kusini

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa Mei 2024, ukiwa na lengo la kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mjadala wake umebaki kwenye mambo mawili: misitu inayoteketea na moshi unaoingia vifuani mwa akina mama. Yote mawili ni ya msingi na sina ugomvi nayo. Lakini katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ambako mitungi ya kilo 6 imekuwa ikitolewa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, kuna jambo la tatu lisilosemwa majukwaani, nalo ni chakula chenyewe. Anayebadilisha moto wa jikoni hubadilisha pia kinachopikwa juu yake, na mabadiliko hayo huonekana mapema zaidi kwa familia inayohesabu pesa ya matumizi kwa wiki. Hoja yangu ni kwamba kwa familia kama hiyo, kikwazo kikubwa cha kula vizuri huku Kusini si bei ya mboga wala si kutojua lishe, bali ni gharama ya kukiivisha chakula. Mtungi ukiendelea kutolewa peke yake, bila chombo kinachopunguza muda wa kupika, utaziondoa familia hizi taratibu kwenye vyakula bora na vya bei nafuu ambavyo mikoa hii inavyo kwa wingi.

Wingi huo haujatiwa chumvi. Kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, mkulima wa kawaida analima au anaweza kuvipata kwa jirani mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga na ufuta. Mboga za majani ziko karibu mwaka mzima kwa anayejua kuzitafuta: kisamvu, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mlenda, mchicha. Pwani ina dagaa na samaki, bara ina kuku wa kienyeji, na matunda hupishana kwa msimu, yaani maembe, mapapai, machungwa na yale mabibo ya mikorosho ambayo mengi huozea chini ya miti ingawa yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na ulaji uliotolewa 2023 unagawa vyakula katika makundi sita, na sioni kundi hata moja ambalo mtu wa Masasi au Mchinga angelazimika kuliagiza kutoka mbali. Tena kwa kipimo cha thamani ya lishe kwa shilingi, jamii ya kunde haina mpinzani: gramu 100 za mbaazi kavu zina protini ya takriban gramu 21, wakati kiasi hichohicho cha unga wa muhogo hakifikishi hata gramu 3.

Hata hivyo, takwimu za afya za nchi zinaonyesha kwamba kuwapo kwa chakula shambani na kuwapo kwa lishe mwilini ni mambo mawili tofauti. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 42 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni maghala ya chakula ya taifa, na kwa Iringa zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa. Kwa hiyo yapo mambo yanayotokea kati ya shamba na sahani, na ni hapo ambapo wachambuzi wengi hukimbilia kutaja mila, uvivu au elimu duni. Mimi nadhani tuanze kwa kutazama jiko.

Tupige hesabu kwa bei za mfano, kila mmoja azirekebishe kwa bei za kwake. Tuseme familia ya watu watano mjini Mtwara ina shilingi 35,000 za chakula kwa wiki, na kujaza mtungi wa kilo 6 kunagharimu shilingi 24,000. Jiko dogo la gesi linapowaka kwa moto wa kati hutumia gesi ya takriban gramu 150 kwa saa, kwa hiyo kila saa ya moto ina thamani ya shilingi 600. Mbaazi kavu ambazo hazikulowekwa zinahitaji saa moja na nusu, mara nyingine zaidi, hivyo chungu kimoja kinakula gesi ya shilingi 900. Nusu kilo ya mbaazi hizo, kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kilo, ni shilingi 1,250. Maana yake ni kwamba moto umekaribia kuwa na thamani ya mbaazi zenyewe. Upande wa pili, tambi zinaiva kwa dakika kumi na chache, moto wake haufiki shilingi 150, na wali hauzidi shilingi 300. Mama anayesimama dukani jioni, huku mtungi umebaki mwepesi na mwezi haujaisha, hahitaji kusoma hesabu hii kwenye makala ili aifahamu. Ananunua tambi, sukari na mafuta ya kupima, na watoto wanalala wameshiba.

Chini ya mafiga hesabu ilikuwa nyingine. Kuni zilipoletwa na watoto kutoka shambani, mbaazi zilikaa motoni tangu asubuhi huku mtu akiendelea na shughuli zake, na hakuna aliyeona pesa ikitoka. Gharama ilikuwepo, ila ililipwa kwa mgongo wa mwanamke na kwa mapafu yake. Gesi imeigeuza gharama hiyo kuwa pesa taslimu, tena pesa inayoonekana kila dakika mwali unapowaka. Kiuchumi hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyotajwa, kwa sababu mtu mwenye pesa kidogo na nguvu nyingi hulipia kwa nguvu, na unapomwambia alipie kwa pesa hupunguza matumizi mahali anapoweza kupunguza. Mahali pa kwanza ni vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, yaani mbaazi, maharage, njugu mawe, makande, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri. Orodha hiyo ndiyo ya vyakula ambavyo mtaalamu yeyote wa lishe angempendekezea mtu mwenye bajeti finyu.

Kuna siku nilisimama kwenye genge moja la Magomeni, Mtwara mjini, nikamsikiliza mteja, mama wa makamo, akichota mbaazi kiganjani na kuzirudisha. Hakuuliza bei. Aliuliza: "Dada, hizi za mwaka huu au za ghalani?" Muuzaji alisita kidogo kabla ya kujibu, na kusita huko kulitosha, kwa kuwa yule mama alihamia kwenye choroko. Swali lake lina sayansi ndani yake. Jamii ya kunde inapohifadhiwa muda mrefu kwenye joto na unyevu kama wa pwani yetu, punje huwa ngumu kiasi kwamba hata kuchemsha saa mbili hakuzilainishi, na maji magumu ya visima vyenye chokaa huongeza ugumu huo. Mbaazi za zamani mara nyingi ndizo rahisi sokoni, na maskini huzinunua kwa urahisi wake kisha akailipa tofauti yake jikoni. Katika mijadala ya gharama za maisha tunasikia bei ya unga, sukari na mafuta. Sijawahi kusikia mtu akitaja umri wa mbaazi.

Hapa inafaa nieleze kando jambo ambalo huku Kusini huleta uchungu wa pekee. Watu wengi wa Mtwara na Lindi huuliza kwa nini mtungi ni ghali wakati gesi inatoka kwao, na swali hilo lina historia, maana mwaka 2013 bomba la kuipeleka gesi Dar es Salaam lilizua ghasia ambazo hakuna aliyezisahau. Ukweli ni kwamba gesi ya Mnazi Bay na ile ya Songo Songo ni gesi asilia, inayosafiri kwa bomba na kutumika hasa kuzalisha umeme na kuendesha viwanda. Gesi ya mtungi ni ya aina nyingine, inayopatikana kwenye usafishaji wa mafuta na uchakataji wa gesi huko nje, na sisi huiagiza kwa meli. Mtungi unaouzwa Newala umesafiri kutoka ng'ambo, ukashushwa bandarini, ukajazwa na kusafirishwa tena kwa lori kuja Kusini. Hiyo haifuti madai ya wananchi kuhusu faida za rasilimali yao, lakini inaonyesha kwa nini si busara kusubiri bei ya mtungi ishuke kwa sababu tu visima viko kwetu.

Sasa nizipime hoja za wanaoliona jambo hili tofauti. Dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi kwenye semina, ni ile isemayo kwamba watu wa Kusini hawajui kula, wakipata pesa za korosho wananunua pikipiki na kuoa, na kwamba wakielimishwa watakula vizuri. Hoja hii ina raha ya kuwalaumu wasiokuwepo ukumbini. Mpishi anayeweka karanga au korosho zilizotwangwa kwenye kisamvu amechanganya protini na mafuta ambayo mwili unayahitaji ili kuifyonza vitamini A iliyo kwenye majani hayo, na alijifunza hilo kwa bibi yake kabla ya semina. Mbaazi za nazi kwa ugali wa mtama ni mlo ambao ungempa tabu mtaalamu kuuboresha. Anayezijua mboga hizi hakosi elimu ya kuzithamini. Alichokosa ni saa moja na nusu ya moto siku ya Jumatano. Ninakubali kwamba yako mambo ya kufundishwa, na nitayataja machache, lakini kumfundisha mtu makundi sita ya chakula bila kumsaidia kukiivisha ni kumwongezea majuto tu.

Hoja ya pili ina uzito zaidi. Inasema kama gesi inawafukuza watu kwenye mbaazi, basi waachwe na kuni zao, maana kuni ni bure na chakula kitabaki bora. Wanaosema hivi wana ushahidi wa macho: vijijini Liwale au Nanyumbu, mwenye mtungi bado huinjika mbaazi kwenye mafiga na kuiacha gesi kwa ajili ya chai na dharura. Familia hizo hazijashindwa kuielewa kampeni, zimepiga hesabu sahihi. Lakini neno bure hapa linahitaji kukaguliwa. Serikali imekuwa ikitaja takriban vifo 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia, na Shirika la Afya Duniani linakadiria takriban milioni 3 duniani kote. Kuni za karibu zinaisha kila msimu wa kuandaa mashamba, na binti anayezifuata mbali zaidi analipa kwa saa za kusoma. Mjini, ambako kuni ni za kununua na mkaa huuzwa kwa kopo au fungu, ule ubure wenyewe haupo, kwani anayenunua mkaa kwa fungu kila siku hulipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia. Kurudi nyuma si jibu, ingawa ni lazima tukiri kwamba mafiga yalikuwa yakilinda chakula fulani ambacho hatujakitafutia mlinzi mpya.

Watetezi wa gesi nao wana hoja nzuri ambayo nisingependa kuipita. Moto unaowaka mara moja na kuzimwa mara moja unafaa sana kwa sehemu nyingine ya chakula chetu bora. Matembele, mchicha na majani ya maboga hayahitaji zaidi ya dakika kumi, na yakipikwa kwa muda mfupi hubakiza vitamini nyingi kuliko yanapochemshwa hadi kubadilika rangi. Dagaa waliooshwa vizuri wakakaangwa na nyanya na kitunguu hawamalizi gesi ya shilingi 200, na kwa uzito wake dagaa mkavu ana protini mara mbili au zaidi ya nyama ya ng'ombe, pamoja na madini ya chokaa kwa sababu analiwa na mifupa yake. Uji wa mtoto unaweza kupikwa mara tatu kwa siku bila mama kuchochea moto mara tatu. Kwa mlo wa majani na dagaa, basi, mtungi ni msaada wa kweli, na familia inayohesabu gesi yake ingefanya vema kuutumia hivyo. Ugumu unabaki kwenye jamii ya kunde, ambayo ndiyo protini ya mtu asiyeweza kununua dagaa au samaki kila siku.

Yapo ambayo familia inaweza kuyafanya yenyewe, na hapa ndipo ushauri wa lishe unapaswa kuwa wa jikoni. Mbaazi na kunde zilizolowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, huiva kwa takriban nusu ya muda, na kuloweka huko hupunguza gesi tumboni na huusaidia mwili kuyapata madini ya chuma. Choroko, ambazo zinalimwa hukuhuku, huiva kwa nusu saa au zaidi kidogo hata bila kulowekwa, kwa hiyo familia inayobadilisha maharage yaliyotoka Nyanda za Juu kwa choroko za Lindi inaokoa nauli na moto kwa pamoja. Mbaazi mbichi zikiwa kwenye msimu wake, kabla ya mavuno makavu, huiva haraka, na ule ndio wakati wa kuzila kwa wingi. Magadi yanalainisha upesi lakini yanaharibu vitamini B1, hivyo si njia ya kutegemea kila siku. Na chai, ambayo kwetu huandamana na kila kitu, ingeahirishwa saa moja baada ya mlo, kwa kuwa huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na majani. Kwa nchi yenye wanawake wengi wenye upungufu wa damu, hiyo saa moja haigharimu chochote.

Kuna hatua moja ambayo haipaswi kufupishwa kwa ajili ya kuokoa muda, na ni ya muhogo. Muhogo mchungu usiposindikwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi, na kwa mtu anayekula ugali wa muhogo siku nyingi mfululizo bila protini ya kutosha, sumu hiyo inaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Ugonjwa huo uliripotiwa katika vijiji vya Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huwapata hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, wakati wa njaa, watu wanapoharakisha makopa. Watafiti waliofanya kazi huku walionyesha njia nyepesi: unga hulowanishwa kwa maji kidogo, hutandazwa kwa tabaka jembamba na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kupikwa ugali, na sumu hutoka hewani. Njia hiyo haitumii kuni wala gesi. Ninaitaja pia kwa sababu inaonyesha vizuri uhusiano ninaouzungumzia: mbaazi zinapoondoka mezani kwa ajili ya moto, muhogo unaobaki peke yake unakuwa wa hatari zaidi kuliko ulivyokuwa.

Lakini juhudi za nyumba mojamoja zina mpaka, na hapo ndipo sera inapotakiwa kuingia. Sufuria ya presha, ambayo wengi huiita presha kuka, huivisha mbaazi zilizolowekwa kwa dakika ishirini hivi, na ukihesabu na muda wa kupandisha joto, nusu saa inatosha. Kwa hesabu yetu ya awali, gesi ya shilingi 900 inakuwa gesi ya shilingi 300. Familia inayopika jamii ya kunde mara tatu kwa wiki inaokoa shilingi 1,800 kwa wiki, ambazo kwa mwaka zinapita 93,000, na kwa pesa hiyo sufuria inakuwa imejilipa. Tatizo ni kwamba mwenye bajeti ya wiki hana pesa ya mwaka mkononi, na hiyo ndiyo hali hasa ambayo ruzuku ilibuniwa kuitatua. Tumetoa ruzuku kwa chombo cha kubebea gesi, tukasahau chombo kinachoamua gesi hiyo itadumu kwa siku ngapi.

Ya umeme ina hesabu nzuri zaidi. Jiko la presha la umeme hupika chungu cha mbaazi kwa takriban sehemu nne za kumi za uniti moja. Mteja wa kundi la matumizi madogo, asiyepita uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kwa hiyo chungu kizima hakifiki shilingi 100. Hata anayelipa bei ya juu hafiki shilingi 200. Nilipoyaweka makadirio haya pembeni ya yale ya gesi sikuona sababu ya kuendelea kuizungumzia nishati safi huku Kusini kana kwamba maana yake ni mtungi. Vikwazo vipo, navyo si vidogo: jiko lenyewe ni ghali, umeme hukatika, na wapangaji wengi wa mijini wanatumia LUKU moja nyumba nzima, hali inayowatoa kwenye kundi la bei nafuu hata kama kila mmoja wao anatumia kidogo. Hilo la mwisho ni la utaratibu tu, na lingetatuliwa bila kujenga hata nguzo moja.

Na kabla ya jiko kuna mnada. Mbaazi, kama ufuta na korosho, ni zao la biashara, na soko lake kubwa ni India. Agosti 2017 India ilipowekea ukomo uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka na wakulima wakabaki na magunia. Bei ilipopanda tena, mbaazi zikarudi kuuzwa mara tu baada ya kupigwa. Simlaumu mkulima anayeuza, kwa sababu ada za shule haziwezi kulipwa kwa kunde. Lakini nusu kilo mara tatu kwa wiki ni kilo 78 kwa mwaka. Gunia moja la kilo 100, likihifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasiliharibu, linatosha familia kwa mwaka mzima na mbegu ikabaki. Anayeuza gunia hilo Agosti na kununua mbaazi kwa kibaba Februari analipa bei ya muuzaji wa mwisho, na bado anaweza kupewa zile za ghalani. Vyama vya msingi vinavyokusanya mazao vingeweza kumkumbusha mkulima hesabu hii kabla hajapima gunia la mwisho, ingawa naelewa kwamba hakuna chama kinacholipwa kwa zao lisilouzwa.

Njia ya mwisho, ambayo naiona kuwa karibu zaidi nasi, tayari inafanyika kila alfajiri. Mikindani, Lindi mjini, Kilwa Masoko na karibu kila mtaa wa pwani hii, yupo mama aliyechemsha sufuria kubwa ya mbaazi za nazi na kuziuza kwa bakuli pamoja na maandazi. Moto mmoja unaivisha chakula cha nyumba nyingi, na gharama yake ikigawanywa haizidi shilingi chache kwa kila bakuli. Anayenunua mbaazi zilizoiva anaonekana kama mtu aliyeshindwa kupika, wakati kwa hesabu ya moto huenda ndiye aliyenunua vizuri kuliko wote mtaani. Kama mbaazi hizo zingeuzwa pia jioni, zikiwa zimechemshwa tu bila sukari wala nazi nyingi, kila mtu akaenda kuziunga nyumbani kwake kwa dakika kumi, gharama ya moto ingepungua kuliko sufuria yoyote ya ruzuku inavyoweza kuipunguza.

Shule nazo zimeshaingia kwenye hesabu hii bila kuulizwa. Tangu mwisho wa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimezuiwa kutumia kuni na mkaa, na chakula cha shule kwa kawaida ni ugali na maharage au makande, yaani vyakula vinavyokaa motoni kuliko vyote. Mkuu wa shule asiye na sufuria za presha atajikuta akipunguza siku za maharage ili gesi imfikishe mwisho wa muhula, na hakuna ripoti itakayoandika kwamba lishe imeshuka kwa sababu ya nishati.

Fedha za kuanzia hazitafutwi mbali. Halmashauri zimeelekezwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, na wakuu wa mikoa walisaini mikataba ya usimamizi wake na Rais mwaka 2022. Kiasi hicho hakinunui sufuria kwa kila nyumba, lakini kinatosha kulipia mafunzo ya upishi yanayopima muda na gesi badala ya kubandika mabango ya makundi ya chakula. Sufuria zenyewe zinaweza kupitia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 4 yake ni ya vikundi vya wanawake. Kikundi cha wauza mbaazi kikiomba mkopo huo leo, kitaulizwa andiko la mradi na soko. Soko ni mtaa mzima unaohesabu gesi, na mtaji ni majiko mawili, sufuria mbili kubwa za presha na magunia kadhaa ya mbaazi zilizonunuliwa Agosti.